Aspirateri Tuliyoichagua Nyawera

Mama yangu alipohamia kwetu mjini, mtaa wa Muhumba, alikuja na mfuko mmoja wa nguo, paka mmoja mweupe na dende kumi na wawili ndani ya kasha la mbao. Mfuko aliubeba mume wangu. Paka alilala njia nzima chini ya kioo cha nyuma cha taksi. Kasha la dende hakumkabidhi mtu. Alilipakata kutoka kijijini kwake Nyantende mpaka mlangoni petu, ingawa mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta tangu siku alipoteleza kwenye shamba lake la maharage.

Asiyewajua dende: ni wanyama wadogo wasio na mkia, wakubwa kuliko panya na wadogo kuliko sungura, wanaokula majani mchana kutwa na kupiga mluzi wakisikia mtu anafungua mlango wa jiko. Kwetu hufugwa jikoni, chini, karibu na joto la moto. Mtu akikuambia amelelewa kijijini kwetu na hajawahi kumla hata mmoja, muulize vizuri ametokea wapi.

Mimi nimesomeshwa na dende. Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na tangu hapo kila mwanzo wa muhula mama aliteremka sokoni na kikapu kilichofunikwa majani ya ndizi, akarudi na daftari. Leo nikisimama mbele ya wanafunzi wangu wa lise, yaani sekondari, kuwafundisha Kifaransa, vitenzi vile vyote vimelipiwa na wanyama wasiofika hata kilo moja na nusu. Kwa hiyo aliponiuliza kwenye simu kama kwangu kuna nafasi ya dende, nilimjibu kabla hajamaliza swali.

Mume wangu naye hakupinga. Ni mtu mpole kupita kiasi, ni mkurugenzi wa ofisi moja mjini, na huvaa shati lililopigwa pasi hata siku ya kukata majani nyuma ya nyumba. Mimi ni kinyume chake. Yeye husema kwamba nachemka kabla ya maji. Watoto wetu wawili wanasoma mbali, hivyo nyumba ilikuwa na nafasi, na yeye mwenyewe ndiye aliyepigilia misumari ya rafu pale jikoni ili kasha lisikae kwenye sakafu ya vigae vya baridi.

Ila kulikuwa na jambo moja. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawali pamoja, hawakai kiti karibu na kiti, hawatazamani usoni. Si chuki, ni heshima, na hawa wawili walikuwa na heshima ya kutosha kijiji kizima. Mume wangu akiingia sebuleni, mama anahamia jikoni. Mume wangu akienda jikoni kunywa maji, anakohoa kwanza mlangoni ili mama apate kutoka uani. Na mazungumzo yao yote yalipita kwangu.

“Umuulize maman kama mukono inamuuma bado,” mume wangu ananiambia.

Mama yupo pale pale mlangoni, amesikia kila neno.

“Umwambie papa mukono iko muzuri.”

“Papa, mukono iko muzuri,” nasema mimi, mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili, bila mshahara.

Tulimheshimu mama kwa namna nyingine pia. Hakuguswa na kazi. Akishika ufagio namnyang’anya, akiinama kuosha sahani namrudisha kwenye kiti. Plasta ilipotolewa niliendelea vilevile. Niliwasimulia wenzangu kazini jinsi mama yangu anavyokaa kama malkia, na wao wakasema nina bahati kumtunza hivyo, nami nikakubali sifa yote.

Kisha kiangazi kikaja, na mume wangu akaanza kukohoa. Tangu utoto kifua chake ni kibovu, lakini kilikuwa kimetulia kwa miaka mingi. Sasa barabara ilikuwa inatoa vumbi jekundu, paka alikuwa anapukutika manyoya kwenye viti vyetu vya mahameli, na dende nao walikuwa na majani makavu na manyoya yao. Asubuhi niliamka nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika magoti, anavuta pumzi kama mtu anayevuta kamba. Nilipofagia, ndipo alipozidi.

Daktari alimsikiliza kifua, akauliza maswali kuhusu nyumba, akaweka kalamu chini. Wanyama watoke, alisema, au manyoya yatoke kila siku. Na si kwa ufagio, maana ufagio unayanyanyua tu na kuyatuma puani. Mnunue aspirateri, ile mashine ya umeme inayofyonza vumbi.

Nilimweleza mama habari ile taratibu nilivyoweza. Alisikiliza akimkuna paka shingoni. Kesho yake asubuhi akaniuliza kama moto-taksi, zile pikipiki za abiria, bado zinafika Nyantende kwa bei ileile. Keshokutwa yake akasema mvua itarudi mwezi wa tisa, na lazima mtu aangalie paa lake. Hakuwataja dende hata mara moja. Mimi nilimfahamu: alikuwa anajiandaa kurudi kijijini. Aliona kwamba wanyama wake wanamnyima pumzi mkwe wake, na aibu hiyo kwake ilikuwa kubwa kuliko ugonjwa wowote. Na mimi niliona shamba lile la mteremko, mkono ule ambao bado haukuweza kukamua nguo, na mama yangu peke yake. Akianguka tena, hakuna atakayemwokota mpaka jirani apite. Nilisema moyoni kwamba aspirateri itanunuliwa, na itanunuliwa wiki hii.

Kwanza tulienda, mimi na mume wangu, kwenye duka kubwa la mjini lenye mlinzi na vioo. Pale niliipenda moja mara moja. Ilikuwa nyekundu, imeng’aa, kubwa kama mbwa, na muuzaji alitamka wati zake kwa sauti ya mtu anayesoma Injili. Bei yake ilikuwa mshahara wangu wa mwezi mzima, na mshahara wa pili umebisha hodi. Nilikuwa tayari. Mume wangu akaiinamia, akaifungua, akatoa mfuko wa karatasi ulio ndani.

“Huu mufuko ukijaa, tunapata mwingine wapi?”

“Itakuya,” muuzaji akajibu.

“Itakuya lini?”

“Itakuya, papa.”

Mume wangu akamshukuru kwa adabu zake zote, akarudisha mfuko mahali pake, akatoka. Mimi nilimfuata nikiwa nimevimba. Nilimwambia njiani kwamba watu wengine wanapenda kuuliza maswali mpaka wanakufa. Alikohoa, na nikanyamaza.

Nyumbani mama aliniona uso. Nikamsimulia duka, rangi nyekundu, wati. Alinikatiza.

“Mulibeba manyoya?”

“Manyoya gani, maman?”

“Ile munataka mashini ikamate. Ao muko munanunua mutego na panya hamuyaone?”

Akafungua fundo la kikwembe chake, kile kitenge alichojifunga kiunoni. Ndani yake kulikuwa na manyoya meupe ya paka aliyoyaokota kwenye viti, yamechanganyika na ya dende na vipande vya majani makavu. Alikuwa amekusanya tangu siku ya daktari. “Posho ninaenda naye,” akasema, akimaanisha kwamba Jumamosi atakuja, na kwamba hilo halina mjadala.

Jumamosi tukaenda soko la Nyawera sisi watatu, kwa namna yetu. Mume wangu alitangulia hatua kumi mbele kwa ajili ya heshima. Mama alifuata nyuma. Mimi nilikuwa katikati, nikimwambia huyu apunguze mwendo na yule aongeze, huku wapagazi wakitupigia kelele tuwapishe njia.

Nyuma ya safu ya wauza viatu yuko mwanamke anayeuza vyombo vya umeme vilivyotumika Ulaya: pasi, birika, feni, mashine za kusagia. Ni mnene, ana miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, na amepanga vitu vyake kwa usafi ambao sijauona hata kwenye lile duka la vioo. Kila kamba ya umeme imekunjwa na kufungwa kitambaa. Kitu kibovu anakiandika kwa chaki kwamba ni kibovu, na bei yake ni ya kibovu. Nilimpenda kabla hajafungua mdomo. Alikuwa na aspirateri nne.

“Munaikala wapi?” akauliza.

“Muhumba.”

“Na courant yenu inakuyaka na nguvu?” Alimaanisha umeme.

“Inakuyaka sawa muzee mwenye kupanda mulima,” nikamjibu.

Akacheka, akaisukuma kando ile kubwa kuliko zote, ambayo macho yangu yalikuwa yameshaikimbilia. “Basi hii uache, maman. Iko na njaa ya courant. Utaiwasha, dijonteri itaruka, itakata courant, nyumba mzima itabaki mu giza, na bwana yako atakutukana bure.”

Nilimwambia bwana wangu hatukani. Akatazama upande wa viatu, ambako mume wangu alikuwa amesimama akijifanya kupima raba za watoto, akasema, “Ule? Ndiyo, ninaona.”

Akawasha jenereta yake ndogo, akatandika kipande cha zulia juu ya meza, akataka kumimina mchanga ili atuonyeshe. Mama akamshika mkono. Akafungua fundo lake, akamwaga manyoya juu ya zulia, kisha akayasugua kwa kisigino cha kiganja, akiyakandamiza, akiyazungusha, mpaka yakajisokota ndani ya nyuzi.

“Paka hailale juu juu,” akaeleza. “Inajisukuma.”

Mwanamke wa vyombo akavaa miwani yake.

Aspirateri ya kwanza ilipiga kelele mpaka watu wakageuka. Ilipita mara tatu. Mama akainama juu ya zulia, akachomoa unyoya kwa kucha. “Inalia sana, haikule,” akasema, na ikawekwa kando.

Ya pili ilimeza vizuri. Nilikuwa nimeshafungua mkoba. Mama akazunguka nyuma ya mashine, akashika pindo la kikwembe chake cheusi mbele ya matundu yanayotoa hewa, akangoja. Kisha akatuonyesha kitambaa. Kilikuwa na ukungu wa vumbi. “Hii inakula huku, inanyea huku,” akasema. Yule mwanamke alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimekwishaanza kuelewa kwamba hapa ndipo palipokuwa na kifua cha mume wangu, pale nyuma, ambapo mimi nisingetazama hata kwa mwaka mzima.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kijivu, na gurudumu moja si la kwake. Lilikuwa jeupe, limetoka kwenye mashine nyingine. Mdomo wake ulikuwa na brashi inayozunguka. Ilipita mara mbili tu, na zulia likabaki tupu. Mama akashika kikwembe nyuma: safi. Akaweka kiganja kwenye mdomo wa bomba, akafumba macho, akaagiza izimwe, iwashwe, izimwe tena. Alisikiliza inavyoanza na inavyokufa. Alipapasa bomba kidole kwa kidole kutafuta ufa. Ya nne alikataa hata kuijaribu.

“Hii haina mufuko,” akasema yule mwanamke, akifungua kasha dogo la plastiki lenye kuonyesha kilichomo ndani. “Ikijaa munamwaga. Hii chujio munaosha na maji, munaanika, kesho yake munarudisha. Hamutanunua kitu tena.” Kisha akamgeukia mama kabisa. “Maman, hii kazi mulifundia wapi?”

“Kwa mbuzi,” mama akajibu.

“Kwa mbuzi?”

“Kununua ni kumoja. Hauangalie pembe. Unaangalia pumzi.”

Nimefundisha miaka kumi na tisa, nimekaa kwenye mikutano na watu wenye diploma ndefu, na sijawahi kujivunia mtu kama nilivyojivunia mama yangu saa ile, kati ya viatu na pasi, ameshika bomba la plastiki. Mume wangu alikuwa amesogea, hatua kumi zimekuwa nne.

“Umuulize maman, ndio hii?”

“Umwambie, ndio hii.”

Mwanamke alitaja bei ya kuvumilika, kisha akaishusha tena bila kuombwa. Alisema ni kwa ajili ya maman, na kwamba akichoka na Muhumba aje amfanyie kazi ya kuchagua mali.

Jumamosi ile umeme haukuja. Aspirateri ilikaa sebuleni na gurudumu lake jeupe, na paka akailalia. Umeme ulirudi Jumapili baada ya misa, kama saa nane mchana. Mume wangu alikuwa amebaki parokiani kwa mazoezi ya kwaya, na kwa kuwa hayupo, mama alikuwa amekaa sebuleni na rozari yake. Kwetu umeme ukija hauketi kufikiri. Unakimbia kuchaji simu, kupiga pasi, kupandisha maji. Mimi nilikimbilia aspirateri.

Nilianza na viti, nikaenda kwenye zulia, nikasonga mbele kama mtu anayelima. Nilifika alipoketi mama. “Maman, inua miguu!” nikapiga kelele juu ya mngurumo, na akainua, nami nikapita chini yake huku na huku. Kwenye pindo la kikwembe chake kulikuwa na manyoya. Nikayafyonza nayo, kitambaa kikaingia kidogo mdomoni mwa mashine, nikacheka. Nilipozima nikamletea lile kasha la plastiki limejaa weupe mtupu.

“Muangalie, maman!”

“Ni mingi,” akasema. Akainuka, akaenda jikoni.

Niliendelea na vyumba vingine nikiimba. Saa kumi nilipoingia jikoni kutafuta chai, nilimkuta amepiga magoti anafunga kasha la dende kwa kamba, mkono wa kushoto ukivuta na meno yakisaidia. Mfuko wake wa nguo ulikuwa mlangoni. Paka alikuwa ndani ya kikapu, amefunikwa.

Nilichemka kabla ya maji. Nilimwambia tumehangaika mji mzima. Nilimwambia mashine ile imenunuliwa kwa ajili yake, kwa ajili ya paka wake, kwa ajili ya hawa panya wake, ndiyo, niliwaita panya, ili yeye abaki. Sasa nini tena? Nani amemkosea?

Aliningoja nimalize. Alikaza fundo. Kisha akasema, bila hasira yoyote:

“Kwetu mugeni hawamufagilie chini ya miguu. Wanamungoya atoke. Ukifagia na yeye angali anaikala, umemwambia.”

Nilisimama na kikombe mkononi. Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu utoto, kama ninavyolijua jina langu. Mgeni akiwa ndani ufagio unasimama nyuma ya mlango. Na mimi sikufagia chini ya miguu yake tu, nilimfagia yeye mwenyewe, na nguo yake, huku nacheka.

“Maman, sikuwaza vile. Hii ni mashini. Hii haiko ufagio.”

“Ninajua haukuwaza.”

“Na weye hauko mugeni! Uko maman yangu!”

“Iko nyumba ya bwana yako,” akasema. “Miezi munane niko ku kiti. Hakuna kitu ya hapa nimegusa. Kikombe munaniletea, sahani munaniondolea. Mutu mwenye hagusi kitu iko mugeni, mutoto yangu. Sikasirike. Mugeni wakishamufagilia, anaenda tu na aksanti.”

Hapo hasira yangu yote iliisha, ikabaki aibu. Miezi minane nilimsifu mama yangu kwa watu kwamba anakaa kama malkia, na miezi minane yeye alikuwa anangoja mtu amwombe hata kuchambua maharage. Nilikaa chini kwenye vigae kando ya kasha nikalia kama mtoto, na dende wakapiga mluzi kwa sababu walidhani nimeleta majani.

Mume wangu aliingia tukiwa hivyo. Alikohoa mlangoni kama kawaida, mama akajiinua apite uani, lakini mfuko wa nguo ulikuwa umeziba njia na wote wawili wakabaki wamesimama, kila mmoja akitazama ukuta wake. Aliuona mfuko. Akaiona kamba. Nikamweleza pale pale kwa maneno machache, nilichofanya na mama alichosema. Alivua viatu vyake vya misa, akaenda sebuleni, na tukasikia lile gurudumu jeupe linavyogonga vigae. Alirudi ameishika aspirateri.

Mama aligeuza uso upande.

“Maman,” akasema. “Munisamehe. Musitoke.”

Alisema naye moja kwa moja. Miezi minane nilikuwa mkalimani wao, na pale nilifutwa kazi kwa maneno matatu.

“Wazee walisema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Siye tuliwanyima jembe miezi munane. Iko kosa yangu, haiko yake.” Akanyoosha bomba kwa mkono wa kuume, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama anavyotoa mtu mwenye adabu kitu kwa mkubwa wake. Mwanamume huyu huongea mbele ya wakubwa wa ofisi bila karatasi, na sasa alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya mama yangu.

Mama alilitazama bomba.

“Nitakufagilia weye?” akauliza, akiongea na ukuta. “Mukwe yangu?”

“Mu nyumba yake, maman anafagilia mutu yote.”

Kisha mume wangu akaliacha bomba mbele yake, akarudi sebuleni, akaketi kwenye kiti chake kikubwa cha mahameli, kile ambacho mama alikuwa hajawahi hata kukiegemea, na akainua miguu yote miwili hewani. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Alikaa hivyo, mkurugenzi mzima, macho yametazama dari, anangoja.

Mama alinitazama mimi. Sikumsaidia. Sijui kama ningeweza.

Akaikokota mashine mpaka sebuleni, akachomeka waya. Alitafuta kitufe kwa kidole cha mguu, akakikanyaga, mashine ikaamka. Hakufagia kama mimi. Mimi nililima, yeye alichana. Alifuata mahameli upande unaolalia, akarudi upande unaosimama, akainamisha mdomo wa bomba kwenye mshono wa kiti ambako mimi sikugusa kabisa, na kutoka kwenye mshono ule yalitoka manyoya ya miezi minane. Mkono wa kulia ulishika, wa kushoto uliongoza. Alipita chini ya miguu ya mkwe wake mara ya kwanza haraka, kama mtu anayekanyaga maji ya moto. Mara ya pili taratibu. Mara ya tatu alisimama pale pale, akaisugua sehemu moja ngumu ya zulia mpaka akaridhika nayo, na mume wangu juu yake anaanza kuchoka, magoti yanacheza, wala hashushi.

Umeme ukakatika.

Mashine ikashuka sauti, ikafa. Nusu ya zulia ilikuwa safi na nusu bado. Mume wangu alibaki na miguu hewani, hajui kama ameruhusiwa.

“Shusha miguu, mutoto yangu,” mama akamwambia, akimtazama usoni. “Kule kwengine nitamaliza kesho.”